CT ilionyesha pete, MRI ya siku 10 baadaye pete imefifia: ni tegu, TB, tokso (kimelea toksoplasma), au ni kontrasti tu?

#1 KlinikiYaDegedege
Wakuu, salaam.

Mgonjwa wa kiume, miaka 34, kilo 60. Degedege la mara ya kwanza, lilianzia mkono wa kushoto kisha likaenea mwili mzima. Hana homa, hajaumia kichwa, shingo laini, na baada ya kuzinduka viungo vyote vina nguvu. CT bila kontrasti (dawa ya kung'arisha picha): eneo jeusi la edema (uvimbe wa maji) kwenye lobu ya parieto ya kulia, hakuna chokaa popote. Baada ya kontrasti ya iodini ikajitokeza pete moja ya mm 12, ukuta mwembamba na laini. Akaanzishiwa dawa ya kifafa na nyinginezo. Siku 10 baadaye akapigwa MRI kwa gadolini (kontrasti ya MRI): edema imepungua, pete ipo lakini hafifu kiasi kwamba ripoti inasema "mng'ao wa kutiliwa shaka". Figo nzima. Majibu ya VVU bado.

Kuna mwenzetu anadai pete kufifia ndani ya siku 10 ni uthibitisho tosha kwamba ni buu la tegu linalokufa. Mnasemaje?

#2 MzeeWaSkoleksi
Nusu ya hoja yake nakubali, nusu nakataa.

Buu la tegu wa nguruwe kwenye ubongo lina hatua 4. Likiwa hai, kifuko kina ukuta mwembamba, maji yake kwenye picha hayana tofauti na ugiligili wa ubongo, na kichwa chake ni nukta ya mm 2 hadi 4 ndani ya kifuko. Kinga ya mwili bado haijalistukia, kwa hiyo hakuna edema na kontrasti hailigusi. Likianza kufa, kinga inalivamia, kizuizi kati ya damu na ubongo kinavuja, pete inawaka na edema inatapakaa. Maji ya kifuko nayo yanakuwa mazito, FLAIR (picha ya MRI inayozima maji safi) haiyazimi tena. Kisha kifuko kinanywea: pete inanenepa au inageuka kidonge kizima kinachowaka, edema inapungua. Mwisho ni chokaa.

Sasa angalia: kutoka hatua ya 2 kwenda ya 3 pete haififii. Inasinyaa na kunenepa. Na safari hiyo huchukua wiki nyingi hadi miezi, si siku 10. Pete kwenye MRI ina ukubwa gani?

#3 Radiografa_Usiku
Kabla hamjaenda mbali na biolojia, tuulize chumba cha mashine. Gadolini iliingia saa ngapi, na T1 (picha ya MRI inayoonyesha mng'ao wa dawa) ya baada ya dawa ilianza saa ngapi?

Pete ya namna hii haiwaki kwa sababu ina damu nyingi. Inawaka kwa sababu dawa inavuja polepole kutoka kwenye mishipa na kujikusanya ukutani. Uvujaji unahitaji muda. Mimi nataka angalau dakika 5 kati ya sindano na T1, na 8 hadi 10 ni bora zaidi. Muda huo haupotei bure: unachoma dawa, unapiga T2 (maji huwa meupe) na DWI (mwendo wa maji), ndipo unakuja T1. FLAIR mimi huipiga kabla, kwa sababu gadolini inaingilia FLAIR pia, na msomaji asiyeambiwa ataona meninji (utando wa ubongo) zinang'aa asijue zinang'azwa na nini.

Mwenye haraka anachoma na kubonyeza T1 papo hapo. Mishipa itawaka vizuri, kidonda kitakuwa bado kinajivuta.

#4 Pinki20G
Naunga mkono #3, na naongeza kipimo cha dawa. Kawaida ni 0.1 mmol kwa kilo. Kilo 60 ni 6 mmol, yaani ml 12. Sukuma kwa mkono, fuatisha maji ya chumvi ml 20, maana kwenye mrija mrefu dawa nyingi hubaki njiani. Alipewa ml ngapi?

#5 FamasiaKona
#4, hizo ml 12 ni za dawa yenye 0.5 mmol kwa ml, mfano gadoterate. Gadobutrol ina 1.0 mmol kwa ml, kwa hiyo kilo 60 ni ml 6 tu. Ukimpa ml 12 umempa dozi maradufu. Gadopiclenol nayo, iliyoidhinishwa Marekani 2022, ni 0.5 mmol kwa ml lakini dozi yake ni 0.05 mmol kwa kilo, kwa sababu nguvu yake ya kung'arisha ni kubwa. Hapo tena unapata ml 6.

Ndiyo maana kuandika "amepewa ml 6" bila jina la dawa hakumsaidii mtu. Inaweza kuwa dozi kamili, inaweza kuwa nusu dozi.

#6 Nyuro_Konsalti
Mleta mada, umeandika "dawa ya kifafa na nyinginezo". Nyinginezo zipi? Kama humo ndani kuna deksamethasoni, yaani steroidi, mjadala wote huu unabadilika.

#7 KlinikiYaDegedege
Shukrani wakuu. Nimefungua faili:

Deksamethasoni mg 4 kila baada ya saa 6 tangu siku ya kwanza. MRI ni ya Tesla 1.5. T1 ya baada ya kontrasti ni moja tu, ya 3D. Gadolini ml 6, jina la dawa halijaandikwa. Muda kati ya sindano na picha haujaandikwa. Pete ni mm 11 kwenye MRI. CT alipewa ml 80 za iodini ya mg 300 kwa ml, picha baada ya dakika 5.

#8 Nyuro_Konsalti
Basi jibu langu ndilo hilo. Steroidi inakaza kizuizi cha damu na ubongo. Kikikazwa, dawa haivuji. Isipovuja, pete haiwaki. Siku 10 za mg 16 kwa siku zinatosha kabisa kufifisha pete na kupunguza edema, na buu likabaki palepale katika hatua ileile. Mm 12 na mm 11 ni kitu kimoja, hiyo ni tofauti ya kuweka alama ya kupimia.

Tena kwenye vigezo vya Del Brutto vya kutambua tegu wa ubongo, vilivyorekebishwa 2017, pete moja ndogo kutoweka yenyewe inahesabika kuwa ushahidi wa kuthibitisha tegu. Lakini mgonjwa akiwa ametumia steroidi kigezo hicho hakihesabiki. Mwenzako wa #1 asome mpaka mstari wa mwisho wa jedwali.

#9 BiFizikia
Steroidi sawa, ila msiiachie yote. Angalieni sikwensi, yaani mbinu ya kupiga picha: 3D pekee. Kama ni ile ya gradienti, mng'ao wa kontrasti hafifu huonekana kidogo kuliko kwenye spini-eko ya kawaida, dozi ileile na dakika zilezile. Faida ya 3D ni vipande vya mm 1 visivyo na pengo. Hasara yake ni hiyo, pamoja na mishipa midogo ya juu ya ubongo kuwaka sana hadi inaigiza vidonge.

Kwa kitu kama hiki ningepiga mbili: 3D, halafu spini-eko ya T1 ya mm 3 au 4 kupita palepale. Zikikubaliana unalala usingizi. Zikipingana, naamini spini-eko.

Na je, T1 ya kabla ya dawa ipo? Chokaa changa na damu ya zamani vinaweza kung'aa kwenye T1 bila dawa yoyote. Bila picha ya kabla, "hafifu" ni neno tu. Panga ya kabla na ya baada kwa kipimo kilekile, toa moja kwenye nyingine, usome kilichobaki.

#10 KlinikiYaDegedege
T1 ya kabla ipo, ila ni ya mm 5 yenye pengo la mm 1.5, si 3D. Naambatanisha picha.

#11 Radiografa_Usiku
Mkuu, umepiga skrini kwa simu na taa ya dari imeakisi katikati ya ventrikali (vyumba vya maji ya ubongo). Kwa mara ya kwanza naona buu la tegu lenye swichi. Lete DICOM (faili halisi la picha), futa jina la mgonjwa.

Na T1 ya kabla ya mm 5 huwezi kuitoa kwenye 3D ya mm 1. Ukuta wa pete una mm 1 au 2. Kwenye kipande cha mm 5 unachanganyika na jirani zake.

#12 KifuaKikuuKwanza
Naona jamvi zima limeshakubaliana ni tegu, linagombania rangi ya pete. TB mmeiweka wapi? Tuberkuloma (uvimbe wa TB) nayo ni pete, nayo inaleta degedege, nayo inafifia ukiipa steroidi.

#13 MzeeWaSkoleksi
Tumeiweka kwenye vigezo vya kutenganisha tegu na TB vya Rajshekhar na wenzake wa Vellore, India: pete moja chini ya mm 20, mstari wake laini, edema isiyosukuma ubongo kuvuka katikati, mgonjwa hana udhaifu wa viungo unaoendelea wala dalili za shinikizo la kichwa, na hana ugonjwa mwingine mwilini. Huyu amepita kila mlango. Tuberkuloma mara nyingi huvuka mm 20, ukuta wake una mabonde, na huja na edema ya kusukuma.

#14 KifuaKikuuKwanza
"Mara nyingi" si "daima", mzee. Kila tuberkuloma iliwahi kuwa na mm 12. Na vigezo hivyo vilitengenezwa kwa watu waliokuja na degedege bila upungufu wa kinga. Majibu ya VVU hapa hayajafika, kwa hiyo hatujui hata kama mlango wenyewe ni wake.

Hapo kontrasti imefika mwisho wa uwezo wake. Kinachotenganisha kiko nje yake: kitovu cha tuberkuloma iliyooza ikawa kama jibini gumu kinakuwa cheusi kwenye T2, cha buu huwa cheupe. Spektroskopi (kipimo cha kemikali kwa MRI) ikionyesha kilele cha lipidi kwenye 1.3 ppm inanielekeza TB, ingawa kwenye kidonda cha mm 12 kisanduku cha kupimia kitameza ubongo wa pembeni na namba zitachafuka. Piga na picha ya kifua, bei ya mionzi ni ndogo.

#15 Nyuro_Konsalti
T2 nakubali. Ila tuberkuloma ikioza hadi kuwa maji, kitovu chake kinakuwa cheupe vilevile. Hapo unarudi ulipoanzia.

#16 MkalimaniWaPicha
VVU ikirudi chanya na CD4 (seli za kinga) iko chini ya 100, tokso inapanda juu ya orodha na kontrasti inabadilika tabia. Pete inahitaji kinga ya kuijenga. Kinga ikiwa imelala, pete inakuwa hafifu au haipo kabisa, na kidonda kiko hai kinakula ubongo. Kwa hiyo "hafifu" kwa mtu wa namna hiyo si habari njema.

Enzi za CT pekee, wagonjwa wa tokso walikuwa wanapewa dozi maradufu ya iodini na kupigwa picha baada ya saa nzima, kwa sababu hiyohiyo ya uvujaji wa polepole. Vidonda visivyoonekana kwa dozi moja vilijitokeza.

Alama ya shabaha, yaani kidonge kinachong'aa kikiwa kimeegemea upande mmoja wa pete, ukiiona inaaminika, ila wengi wenye tokso hawana. Kilichonikwaza zaidi hapa ni kidonda kuwa kimoja. Tokso hupenda kuja kwa wingi: ganglia za chini (viini vya ndani ya ubongo) na mpaka wa kijivu na cheupe.

#17 Nyuro_Konsalti
Na kidonda kimoja kwenye MRI kwa mtu wa VVU kinapandisha limfoma (saratani ya seli za kinga). Limfoma kwa wasio na kinga huwa na pete, na kwa steroidi inaweza kutoweka kabisa kwenye picha, kisha hata biopsi (kipande kilichokatwa kupimwa) ikarudi haina jibu. Ndiyo maana ukishuku limfoma, na mgonjwa hayuko hatarini kwa uvimbe, steroidi inasubiri biopsi. Hapa imeshaingia, maji yamemwagika.

#18 Pinki20G
Perfusheni (picha ya mtiririko wa damu) si itawatenganisha? Limfoma ina damu nyingi kuliko tokso.

#19 BiFizikia
Kwenye kanuni, ndiyo: ujazo wa damu kwenye tokso huwa chini ya ubongo wa upande wa pili. Utendaji ndio una masharti. Kanula iwe ya 18 au 20, mshipa wa kiwiko, ml 4 hadi 5 kwa sekunde kwa mashine ya kusukuma, maji ya chumvi nyuma yake kwa mwendo uleule. Ya 22 kwenye kiganja hairuhusu mwendo huo, dawa itaishia chini ya ngozi. Halafu kizuizi kinachovuja kinaharibu hesabu yenyewe ya ujazo wa damu, hivyo programu iwe na marekebisho ya uvujaji. Na kwenye kidonda cha mm 12 kilicho karibu na mishipa ya juu ya ubongo, utapima mshipa ukidhani unapima kidonda.

#20 MzeeWaSkoleksi
Jamani, tunazunguka pete tukisahau kwamba picha ya thamani kuliko zote haihitaji kontrasti. Kichwa cha buu kikionekana wazi ndani ya kifuko, huo ni ushahidi usio na mjadala kwa vigezo hivyohivyo vya 2017. Na kichwa kinaonekana vizuri zaidi kwenye FLAIR, kwenye DWI kinapong'aa kama nukta, na kwenye 3D nzito ya T2 kama CISS au FIESTA, ya mm 0.6 hadi 1. Hiyo 3D ndiyo inayofichua pia vifuko vya ndani ya ventrikali. Hivyo kwenye CT unavikosa kabisa, maana maji yake na maji ya ventrikali ni rangi moja, na mara nyingi haviwaki ukivipa dawa. Unaona ventrikali zimetanuka tu.

SWI (MRI ya kunasa damu na chokaa) nayo haijatajwa hata mara moja kwenye #7. Inashika chokaa changa, na kwa jipu la bakteria inaonyesha ukingo wa tabaka mbili.

#21 FundiWaZamani
Vifuko vya ventrikali zamani tuliona kwa kuingiza kontrasti kwenye ugiligili, kisha CT. Kifuko kinajitokeza kama pengo lisilo na dawa.

#22 FamasiaKona
Kweli, lakini anayesoma hapa asiondoke na nusu ya habari. Njia hiyo ni kwa iodini isiyo na ioni iliyoandikwa kwenye chupa yake kwamba inaruhusiwa uti wa mgongo, kama iohexol ya viwango maalumu. Iodini yenye ioni ikiingia huko ni degedege kali na kifo. Gadolini nayo si ya njia hiyo. Kuingizwa huko kwa bahati mbaya kumeharibu ubongo wa watu. Chupa zinafanana, kwa hiyo lebo isomwe na watu wawili.

#23 Mdadisi_Mpya
Samahani kwa kuingilia. Je, malaria ya kichwani nayo inahitaji kontrasti? Na vipi uvimbe wa mbwa?

#24 MkalimaniWaPicha
Malaria: kontrasti haiongezi kitu cha maana. Unachotafuta ni ubongo uliovimba, DWI, na vidoa vya damu kwenye SWI. Matibabu hayasubiri picha.

Uvimbe wa mbwa, yaani kifuko cha ekinokokasi: duara kubwa moja, maji safi, mara nyingi hauwaki wala hauna edema. Ukianza kuwaka ujue umepasuka au umeingiliwa na bakteria. Usichomwe sindano ya kuchungulia. Kichocho cha ubongo ni kingine: mstari unaowaka katikati na vidonge vidogovidogo pembeni, kama tawi lenye machipukizi. Ukiona hivyo kwenye serebelamu, uliza maji aliyooga.

#25 KifuaKikuuKwanza
Turudi. Mleta mada, mna mpango wa kurudia MRI lini, na kwa gadolini gani? Mgonjwa wa tegu anarudia picha kila miezi 6 hadi kidonda kiishe, kwa mwongozo wa 2018 wa IDSA na ASTMH (vyama vya Marekani vya magonjwa ya kuambukiza na ya tropiki). Dozi zinajumlishana.

#26 FamasiaKona
Kwa wa kurudiarudia, chagua ambayo molekuli yake ina umbo la pete: gadoterate, gadobutrol, gadoteridol. Kanda na wenzake walionyesha 2014 kwamba waliopewa gadolini mara nyingi wanabaki na mng'ao kwenye kiini cha dentato na globasi palido (viini vya ndani ya ubongo) hata bila sindano mpya; baadaye ikaonekana kwamba dawa zenye umbo la mstari ndizo zinazoacha zaidi. Ulaya ilisimamisha 2017 gadodiamide na gadoversetamide, na gadopentetate ya mshipani. Madhara ya kiafya ya mabaki hayo kwa mwenye figo nzima hayajathibitishwa. Mwenye uchujaji wa figo chini ya 30 ni hadithi nyingine, ngozi inakakamaa.

Na trei iwe wazi kabla ya sindano: adrenalini mg 0.5, yaani ml 0.5 ya mg 1 kwa ml, msuli wa paja kwa nje. Si ya kutafutwa kabatini mtu ameshaanza kukoroma.

#27 KlinikiYaDegedege
Majibu ya VVU yamefika: hasi. Picha ya kifua safi. Kitovu kwenye T2 ni cheupe. EITB ya damu (kipimo cha kingamwili za tegu) hasi.

Radiografa amethibitisha dawa ilikuwa gadoterate, na T1 ilianza "mara tu baada ya sindano".

#28 Pinki20G
Gadoterate ml 6 kwa kilo 60. Nusu dozi, dakika sifuri. Nimemaliza.

#29 Nyuro_Konsalti
Hujamaliza. Nusu dozi haipunguzi edema, na edema imepungua. Steroidi imefanya kazi yake pia.

#30 MzeeWaSkoleksi
EITB hasi isiwatoe njiani: kwa mwenye buu moja mara nyingi inakosa.

#31 KifuaKikuuKwanza
Ila haiwaingizi njiani pia.

#32 BiFizikia
Mleta mada, ukirudia: T1 ya 3D kabla na baada kwa vipimo vilevile, 0.1 mmol kwa kilo, dakika 8, spini-eko juu yake, CISS na SWI kabla ya sindano. Andika jina la dawa, ml, na saa. Deksamethasoni ikiwa bado inaendelea, andika dozi ya siku hiyo kwenye fomu ya ombi.

#33 KlinikiYaDegedege
Steroidi tunaishusha kwanza, macho yanakaguliwa wiki hii kama nayo yana buu, kabla ya kufikiria albendazole (dawa ya minyoo). Swali moja: nikianza albendazole kabla ya MRI ya pili, pete ikiwaka zaidi nitaisomaje?

#34 Nyuro_Konsalti
Siku za mwanzo za albendazole buu likifa kwa mkupuo, pete na edema huongezeka hata kama dawa inafanya kazi. Ndiyo sababu steroidi inatangulizwa. TB isiyotibiwa nayo itawaka zaidi. Kwa hiyo piga kwanza, anza baadaye.

#35 KifuaKikuuKwanza
Hapo tumekubaliana. Weka alama kalenda.